Gonga, Mama

Sababu aliyoitoa Nabiswa siku ya kujiandikisha ilikuwa ile ya kila mtu: alikuwa amepigwa ngeta. Kijana alimjia kwa nyuma kule Pipeline, Nairobi, akamzungushia mkono shingoni, na alipozinduka simu haikuwepo. Wenzake wa chama cha kuweka akiba walimpa pole, na mmoja akamwambia kuna darasa la kujilinda kila Jumamosi mchana katika ukumbi wa kanisa huko Umoja. Akaenda, mjane wa miaka hamsini na kitu, amevaa suruali ya michezo ambayo binti yake Nafula aliiacha kabatini alipoolewa Bungoma.

Jambo ambalo hakulisema, wala hakuna ambaye angemuuliza, ni kwamba yule mwizi ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho kumshika.

Pipeline si jangwa, jamani. Ukuta wa chumba chake ni mwembamba hivi kwamba anajua jirani akikohoa kama kikohozi ni kikavu au cha makohozi. Gikomba, anakouza mapazia ya mitumba, husukumwa na wenye mikokoteni kutwa nzima. Lakini kusukumwa si kushikwa. Kanisani, tangu wakati wa korona, watu waliacha kupeana mikono wakaanza kugotana ngumi, wakaona ni ujanja, basi hawakurudi tena kwenye mikono. Marehemu mumewe hakuwa mtu wa mapenzi ya sinema, ila usiku alilala amemwegemezea mgongo. Mgongo huo ndio Nabiswa aliokuwa akiukosa, kuliko hata mazungumzo yake, maana mazungumzo yake, Mungu amrehemu, yalikuwa ya mpira tu.

Mwalimu wa darasa aliitwa Kweyu. Alikuwa mlinzi Dubai miaka mingi, akaishi chumba kimoja na Wafilipino, na kwao ndiko alikojifunza kupigana kwa fimbo na kumenyana chini kwenye mkeka. Saa ya kwanza ilikuwa ya fimbo. Watu walisimama wawili wawili, fimbo zikagongana juu, chini, juu tena, Kweyu akihesabu kwa lugha ya walimu wake, "isa, dalawa, tatlo," na darasa zima likiitikia. Nabiswa aliziweza fimbo vizuri. Miaka ya kukung'uta mapazia ilikuwa imempa viwiko imara. Lakini fimbo kazi yake ni kumweka mwenzako mbali, na mbali alikuwa amekaa vya kutosha.

Alichokingoja ni saa ya pili, mikeka ikitandikwa. Hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu hakuna aliyetaka kumenyana naye.

"Mathe, zii," alisema Mbugua, fundi wa friji mwenye mabega kama mlango. "Wewe ni rika ya mum. Nikukalie kifua aje? Hiyo ni laana, manze."

Wenzake wakakubaliana naye. Wakamletea kiti. Wakamletea maji ya chupa. Ukitaka kumwacha mtu peke yake bila lawama, mheshimu. Nabiswa alikaa kwenye kiti chake akawatazama vijana wakibiringishana, wamekumbatiana kwa nguvu zao zote wakidhani wanapigana, akawaonea wivu.

Kisha akaja Hikma. Alikuwa msichana wa Majengo, mwalimu wa chekechea, na kwa dini yake asingeweza kushikana na wanaume. Mwanamke mwingine darasani alikuwa Nabiswa peke yake, kwa hiyo hawakuchaguana, walijikuta pamoja. Nabiswa alifurahi hadi akaona haya. Ila Hikma naye alikuwa na adabu zake. Alimshika kama mtu anayeshusha trei ya mayai kutoka kwenye boda, na kabla ya kila kitu aliuliza, "Naumiza, mama?"

Sheria ya mkeka ilikuwa moja tu, na Kweyu hakuchoka kuirudia. "Ukizidiwa, gonga. Gonga mkeka, gonga mwenzako, popote. Yeye anaachilia hapo hapo. Hakuna aibu."

Jumamosi moja akatangaza kwamba siku hiyo wangefundishwa kujinasua kwenye ngeta. Hikma akaketi nyuma ya Nabiswa, akampitishia miguu kiunoni na mkono shingoni.

"Nikikaza sana uniambie, mama."

"Hikma, mimi si mayai. Yule mwizi hakuniuliza. Nikamate vizuri."

Hikma akamkamata vizuri.

Nabiswa alitakiwa ainamishe kidevu, ashike kiwiko, ajipinde. Mikono yake ilifanya hayo kidogo, kwa ajili ya macho ya Kweyu, kisha ikaacha. Mgongo wake ulikuwa umepata mtu. Ulikuwa na joto la kifua cha mwenzake, na katika joto hilo moyo ulidunda, na haukuwa moyo wake. Machozi yalimjaa. Hikma alipoona hagongi alidhani mama anashindana, akakaza zaidi.

"Gonga, mama," alimnong'oneza.

Kiganja cha Nabiswa kilikuwa wazi juu ya mkeka. Kazi ilikuwa kukiinua na kukishusha. Lakini akigonga, ataachiliwa. Masikio yakaanza kuvuma. Akafumba macho.

Alipoyafumbua aliona dari. Mbugua alikuwa ameshika vifundo vya miguu yake juu, laana imesahaulika. Hikma alikuwa ukutani, mikono mdomoni.

"Mathe, mbona hukugonga?" Kweyu aliuliza.

"Nilisahau."

"Hiyo mtu hasahau." Kweyu hakuwa mjinga. "Mtu asiyegonga siwezi kumweka kwa mkeka. Kutoka leo utafanya fimbo tu."

Jumamosi iliyofuata Hikma hakuja, na iliyofuata tena hakuja. Simu hakushika. Nabiswa akapiga moyo konde, akafunga kibanda mapema, na kutoka Gikomba akatembea hadi Majengo akiuliza njia. Mama yake Hikma, Bi Waridi, alimkaribisha kwa heshima zote, akamwita binti yake, akaingia jikoni kuweka chai.

"Shikamoo, mama," Hikma alisema, akaketi mbali.

"Marahaba. Nimekuja kukuomba msamaha. Hukunikosea kitu."

"Nilikaza sana."

"Ulikaza vizuri. Mimi ndiye sikugonga."

"Kwa nini, mama? Nilikwambia gonga. Kila nikilala najiuliza."

Njiani Nabiswa alikuwa ametunga uongo kuhusu presha. Alipoyaona macho ya yule binti, akauacha.

"Kwa sababu ungeniachilia."

Hikma hakuelewa.

"Tangu mzee wangu afariki hakuna mtu aliyenishika," Nabiswa alisema. "Siku ile nilisikia moyo wako mgongoni. Nikataka ukae kidogo."

Hikma aliuinua mkono wake, akautazama. Aliposema, sauti ilikuwa ya chini. "Nilikusikia ukilegea. Kichwa chako kikaanguka kwenye mkono wangu, hivi. Nikajua nimeua mtu. Nimeua mama wa mtu. Sasa watoto shuleni wakinirukia shingoni nawatoa, mama. Siwezi. Na kumbe wewe ulikuwa umestarehe?"

"Nilikuwa nimestarehe," alisema Nabiswa, maana hapo uongo usingefaa kitu.

Hikma akaanza kulia. Nabiswa alivuka chumba, akaketi kando yake, akamkumbatia kama mzazi yeyote angefanya. Binti hakumsukuma. Alikaa mikono mapajani, mgongo mgumu, pumzi ameizuia, akimvumilia mtu mzima mpaka amalize. Ilikuwa adabu tu, na Nabiswa aliijua adabu kuliko mtu yeyote wa lile darasa la Umoja. Akamwachilia, akarudi kwenye kiti chake.

Hikma alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Ni kama alitafuta neno jema la kumpa mgeni.

"Jumamosi utaenda, mama?"

"Nitaenda. Kuna fimbo."

"Na fimbo zikiisha?"

"Nitarudi nyumbani."