Mwari wa Pinki Aliyekataa Kutoka

Nimeota jana, na kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana mimi nasimulia bila kucheka.

Kwanza ujue nililala na nini kichwani. Mbele ya nyumba yetu hapa Lushoto nina bustani ambayo mume wangu, Baba Zuhura, anaiita fujo. Dalia zimeegemea nanaa, nanaa imeingia kwenye mchaichai, na kitunguu saumu kimeota popote kilipopenda. Katikati ya fujo hiyo kuna kichaka cha waridi la pinki. Tawi lake lilitoka Soni, uani kwa dada yangu Mwanamvua, ambako waridi lilinukia mpaka barabarani. Dada alikuwa kungwi. Amefunda wari wa nusu ya mji, na maji ya kuwaogeshea alikuwa akiyatia maua hayo. Tawi langu alilichomeka mwenyewe udongoni, kwa mkono wake, mwaka uleule aliofariki. Kichaka kimekua mpaka dirishani, majani tele, na ua hata moja hakijatoa.

Jana jioni Baba Zuhura akasema yamemfika hapa.

"Mama Zuhura, kesho nikishakunywa chai nang'oa hilo dude, napanda karoti. Maua hayaliwi, na hilo lako hata ua lenyewe halina."

Nikamwambia asubiri kidogo. Akasema hiyo kidogo anaisikia kila msimu. Nikaenda kulala roho juu, maana dada hakuniachia kitu kingine chenye uhai.

Basi naota. Ni mchana kweupe, nipo bustanini, lakini bustani ina makochi. Dalia zimekaa kwenye makochi yangu, yale yenye vitambaa vya kufuma, zinakula visheti. Hakuna anayeona ajabu, na mimi sioni. Waridi ameketi kwenye mkeka, amejifunika kanga gubigubi, miguu yake imo ndani ya beseni la maji.

"Hodi," nasema.

"Karibu, mama mdogo. Tafadhali usinimwagie maji kichwani."

"Lini nimekumwagia?"

"Ramadhani, ulipokuwa na haraka ya kufuturisha watu. Nikatoka madoa majani yote. Maji yangu ni ya miguuni." Ananyanyua mguu mmoja kutoka kwenye beseni anionyeshe. Mizizi yake misafi, imepakwa hina.

Kuitwa mama mdogo hakukunishangaza. Amepandwa na dada yangu, kwa hiyo ni mtoto wa dada yangu. Angeniitaje tena?

"Mwanangu, kesho baba yako anakuja na jembe," nasema. "Toa ua moja tu. Hata dogo, hata la pembeni."

"Nitatokaje? Mimi ni mwari, mwari hutolewa. Wewe umeshaona mwari wa watu anajitoa mwenyewe ndani, anakatiza sokoni kifua mbele?"

Nakiri sijaona.

"Haya. Niletee kungwi. Na wageni wale kwanza. Chakula ni samadi, na iwe imeiva."

Hapo hapo nipo jikoni. Sikutembea, jiko limekuja lenyewe. Nakoroga samadi ya ng'ombe kwenye sufuria kubwa la shughuli, na mwiko unaniuliza kama nimetia nazi.

"Samadi haiungwi nazi," nasema.

"Wala haipakuliwi mbichi," mwiko unajibu. "Mwaka jana ulimpa mtoto wa watu mbichi, ikambabua mpaka mashinani. Onja."

Naonja. Bado kidogo. Jua la asubuhi linaingia kwa mlango wa nyuma, linaamkia, linavuta kigoda na kukaa karibu na moto. "Mimi ndiye niliyealikwa," linasema. "Lile la mchana likija, liambieni kumejaa." Nalipatia visheti.

Nje kunapigwa vigelegele. Wamefika vidukari, wale wadudu wadogo wanaonyonya machipukizi, wamevaa sare za kijani, kila mmoja na sahani yake kutoka nyumbani. Hakuna aliyewaalika. Wanampanda mwari mabegani, wanagombania nafasi, na mwari anapiga kelele chini ya kanga.

"Kungwi! Jamani, kungwi yuko wapi?"

Nataka kusema kungwi wetu tumeshamzika. Ndipo kitunguu saumu kinainuka pembeni ya mkeka. Ni kibibi kifupi, kimejitanda shuka nyeupe moja juu ya nyingine. Alipofungua kinywa tu, vidukari wakatupa sahani wakatoka mkuku.

"Nimekaa jirani na mtoto huyu tangu aletwe," anasema Bibi Saumu. "Nani mwingine wa kumfunda? Lete mkasi."

Mkasi unagoma. "Sijaoga. Jana umenikatia mapezi ya samaki, leo unipeleke kwa mwari? Utampa maradhi, halafu nisemwe mimi." Nauosha kwa sabuni, naufuta, naupaka mafuta. Unajitazama pande zote mbili, unasema sasa twende.

Nageuka, tupo Soni, uani kwa dada. Kinu chake kipo. Kamba yake ya kuanikia ipo. Yeye hayupo, na uwanja umefagiliwa.

"Mnyoe," anasema Bibi Saumu. "Toa yaliyokufa, toa yanayosuguana, toa yaliyozeeka. Mwari hawezi kutoka na kichaka hiki kichwani."

Nafunua kanga kidogo. Nanyanyua mkasi. Mkono unakataa.

"Nini tena?"

"Tawi hili alilishika dada."

"Na hili?"

"Na hilo alilishika."

"Hilo jembamba limeota juzi, mwongo wee!"

"Limetoka kwenye lile alilolishika, Bibi."

Bibi Saumu anashusha pumzi, na dalia zote zinaziba pua. "Mwantumu, wewe mtoto huyu umemlea, hujamfunda. Unamwagia maji, unamfuta vumbi, unamtazama dirishani, kisha unashangaa hatoki. Hebu niambie, Mwanamvua alikuwa akilia akiwanyoa wari wake?"

Namkumbuka dada na wembe wake, anawanyoa wasichana huku anawatania mpaka wanajikojolea kwa kicheko. Hakuwahi kulia hata siku moja.

"Hapana."

"Sasa wewe unalia nini?"

Na kweli nalia. Nalia pale uani mpaka kamasi zinanitoka, maana hamu ya dada yangu imenishika kuliko siku tuliyomzika, na kila mtu ananisubiri nimalize.

Mara mlango wa ua unagongwa. Ni jembe. Limevaa kofia ya Baba Zuhura.

"Nimetumwa kung'oa," linasema.

"Huku kuna ngoma ya wanawake," anasema Bibi Saumu. "Wanaume hawaingii."

"Mimi si mwanamume. Mimi ni chuma."

"Na huo mpini?"

Jembe linautazama mpini wake. Mchaichai unaanguka chini kwa kucheka, na makochi, ambayo sijui yalifikaje Soni, yanacheka mpaka vitambaa vinadondoka. Bibi Saumu anatangaza kwamba mwanamume aliyeingilia ngoma, faini yake ni kuicheza. Jembe linafungwa kanga, ngoma inapigwa.

"Kata kiuno, baba!"

"Mimi najua kukata mizizi tu."

"Leo utajua na kiuno."

Likakata kiuno. Ukubwa wake wote ule, na kofia imelala upande, jasho linatiririka mpinini, linaomba msamaha huku linazunguka. Nikacheka, ebo, nikacheka mpaka mbavu zikauma, na katika kule kucheka mkono ukalegea ukakubali. Nikakata tawi la kwanza. Mwari akacheka chini ya kanga, na kicheko chenyewe ni cha Mwanamvua mtupu. Nikakata la pili, nikakata yanayosuguana, nikakata lile nene alilolichomeka dada, lililokuwa limekauka siku nyingi na mimi nikilifuta vumbi.

"Sasa nitoe, mama mdogo," akasema mwari. "Nitoe!"

Nikashika pindo la kanga. Harufu ikanipiga usoni, ile ile ya kufika barabarani, na macho yakafunguka.

Kumeshapambazuka. Upande wa Baba Zuhura kitandani hamna mtu. Nikatoka mbio na kanga yangu moja, nikijua nitakuta shimo.

Kichaka kipo, na fujo yake yote, bila ua. Jembe limeegemea ukuta. Baba Zuhura amekaa kwenye ngazi ya baraza, mikono kiunoni, chai imepoa pembeni yake.

"Hujang'oa?" nikauliza.

"Ning'oe na kiuno gani? Nimeamka hakigusiki. Sijui nimelalaje."

"Pole, baba. Na karoti?"

"Karoti zitakwenda kule nyuma." Akalitazama jembe, akaliondolea macho upesi. "Halafu hicho kichaka chako, badala ya kukilinda kama yai, si ukipunguze matawi?"

Niliingia jikoni nikauosha mkasi kwa sabuni, nikaufuta, nikaupaka mafuta. Nikapiga magoti mbele ya waridi, nikalishika lile tawi nene la dada. Lilikuwa limekauka kweli. Machozi yalikuwepo, siwezi kudanganya, lakini nikalikata.

Nyuma yangu nikasikia Baba Zuhura anaguna. Kugeuka, nikamkuta ameinuka na maumivu yake, amejikokota mpaka ukingo wa baraza, amenipa mgongo, macho kayakodoa barabarani.

"Unafanya nini huko?" nikamuuliza.

"Endelea, Mama Zuhura," akasema. "Mambo ya kike hayo. Mimi nimeshakoma kuchungulia."