Ubavu wa Kushoto

Kidude chenyewe ni kidogo, kama kifungo cha koti. Kimelazwa chini ya ngozi ya kifua changu upande wa kulia, karibu na mtulinga, na dawa ya saratani inapitia hapo. Mishipa ya mikono yangu ilikuwa imegoma. Mara ya mwisho nesi alinichoma mara sita mpaka akalia yeye, mimi nikawa wa kumbembeleza. Walipokiweka, daktari wa Dar alinionya: "Bibi, usikilalie mpaka kidonda kikauke, na mtu asikichane. Kikiingia uchafu tutakitoa, na hatuna tena pa kupitishia dawa."

Nikarudi kijijini kwetu Mbuchi na onyo hilo. Dripu iliyofuata ilikuwa Jumatatu.

Mambo ya mchana niliyaweza. Fundo la kanga nililolifunga katikati ya kifua miaka yote nikalihamishia chini ya kwapa la kushoto. Lakini kulala! Tangu chuo cha Kurani tulifundishwa kulalia ubavu wa kulia, uso kibla, kwetu kaskazini, na kitanda changu kiliwekwa kichwa mashariki kwa ajili hiyo. Nikilala hivyo, kidude kinanichoma kama jiwe chini ya mkeka. Nikilala chali, ukambaa wa kitanda umelegea, nadumbukia katikati, mabega yanakunjana, kinabanwa tena. Siku ya tano niliunguza wali huku nimekaa mbele ya jiko, macho wazi.

Mwanangu Ridhiwani hakuwapo. Tangu uvuvi wa kamba ulipofunguliwa yeye na kamba, kamba na yeye, anafuatana na magari ya barafu mpaka Dar. Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na wifi yangu Zabibu, dada wa marehemu mume wangu.

Asubuhi yake akanikuta nimelalia kushoto.

"Wifi, umeipa kibla mgongo."

"Nimechoka, wifi. Mungu anaona."

"Nani kakugeuza? Si hilo dude? Ati dawa! Dawa gani inakaa mwilini kama papasi?"

"Ndiyo njia yake."

"Ulikiona kikiwekwa?"

"Nilichomwa sindano ya ganzi. Niliona taa tu."

"Ahaa," akasema, akaondoka na ndoo. "Hukukiona."

Nilidhani yamekwisha. Baada ya kuswali adhuhuri nikachukua mto wa sufi, nikajilaza ubavu wa kushoto, mto nikaukumbatia, mkono wa kulia nikaulaza juu yake usining'inie na kuvuta ngozi. Kidude kikatulia kama hakipo. Nikalala. Lo, nililala!

Nikaamshwa na harufu ya nta. Nilikuwa chali, kanga imeshushwa begani, na Zabibu kanishika mikono yote miwili. Mzee Abbasi, mpiga chuku wetu, anayeumika watu damu, ameinama juu yangu. Pembe zake tatu za kufyonzea, ncha zimezibwa nta, ziko kwenye sahani. Wembe uko kwenye ngozi yangu.

"Usitikisike, wifi," Zabibu akasema. "Kidogo tu, kinatoka."

Nilitaka kupiga kelele. Lakini nikishtuka nitajichana mwenyewe. Nikaibana pumzi, nikasema polepole:

"Mzee Abbasi, wembe wako mkali?"

"Mkali, bi mkubwa."

"Basi usiukaze. Tia kidole kwanza."

Akatia kidole. Akazungusha, akafuata mpaka shingoni, uso ukambadilika.

"Kina mrija."

"Umewahi kutoa uchawi wenye mrija?"

"Nani kaweka?"

"Daktari, Dar."

"Yu hai?"

"Hai. Jumatatu ananingoja."

Akauinua wembe. "Zabibu, uliniambia katupiwa na mtu mbaya. Babu yangu alinikabidhi pembe hizi kwa sharti moja. Kazi ya fundi aliye hai haivunjwi mpaka mwenyewe aseme."

"Basi nipe mimi!" Zabibu akauachia mkono wangu mmoja, akanyoosha wake kuufuata wembe.

Nikamshika kanga. "Wifi! Ukikitoa hiki, Jumatatu wataniambia nirudi nyumbani nikangoje kufa. Ndicho unachotaka?"

"Ndicho ninachokikimbia!" Akaanza kulia. "Kaka alikata roho anatazama ukuta wa kusini. Nilikuwa jikoni, sikuwahi kumgeuza. Leo nakukuta na wewe umeelekea kulekule, hujitingishi. Nifanyeje?"

Miaka kumi na moja tumekula sahani moja, na hilo hakuwahi kuniambia.

Wembe bado ulikuwa mkononi mwa Mzee Abbasi, na jicho la Zabibu halikuuacha.

"Siwezi kulalia kulia," nikamwambia. "Lakini kitanda si kina miguu? Kigeuzeni. Kichwa kiende magharibi, nikilalia kushoto nitatazama kibla."

Zabibu akapangusa pua. Akakitazama kitanda, akautazama ukuta wa kaskazini, akapima kwa mkono kama anayepima kitambaa.

"Ubavu sio," akasema.

"Uso ndio."

"Haya inuka, mzito wewe."

Wakakigeuza. Mzee Abbasi akaufunga wembe kwenye kitambaa, akapiga magoti, akaukaza ukambaa mpaka ukalia. "Hapa hudumbukii tena," akasema. Zabibu mwenyewe akaniwekea mto chini ya mkono. Kisha akakaa mlangoni, na kila aliyekuja kunijulia hali alimfukuza.

Jumatatu, Dar, nesi alipofungua kanga akakuta mstari mwembamba kama unywele, pembeni kidogo ya kidude.

"Bibi, nini hiki?"

"Wifi yangu ananipenda."

Hakucheka. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, akaita daktari. Daktari akapindisha taa, akatazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nahesabu matundu ya dari.

"Haukupenya," akasema. "Safisha, choma."

Sindano ikaingia mara moja.