Cheni Iliyolia Mara Moja kwa Siku

Kwenye karakana yangu kuna msumari ukutani, na kwenye msumari kunaning'inia cheni ya taimingi ya injini, iliyokwisha. Wateja huniuliza kwa nini nafuga chuma chakavu. Huwa nawaambia wasubiri magari yao wakae kimya, maana mimi si mtu wa maelezo mengi. Leo acha niseme.

Niliitoa kwenye gari jeupe, la zamani, ambalo shemeji yangu, mume wa dada yangu, alitaka kulinunua. Ni mwalimu wa hesabu. Alikuwa amehamishiwa shule ya mbali, na kila kitu hukitaka kwa bei ya kutupa. Nilimpa sharti moja tu: muuzaji asiguse ufunguo mpaka tufike. Injini iliyopashwa moto ni kama mtoto aliyeonywa kabla ya wageni kuingia, haitakwambia ukweli.

Muuzaji alikuwa mama mmoja mjane. Nusu ya nyumba ilikuwa imeshaingia kwenye maboksi, maana alikuwa anahamia kwa binti yake, ghorofa ya tatu, pasipo na mahali pa kuegesha hata baiskeli.

"Shikamoo, mama. Hujaliwasha leo?"

"Marahaba, baba. Hebu sikia vituko. Mwanangu kanipigia simu, eti niliwashe mapema lipate moto kabla hamjafika. Nikamwambia, una wazimu? Wageni waje wasisikie sauti yake?"

Shemeji akanitazama. Nikafungua boneti, nikaweka kiganja juu ya injini. Baridi kabisa. Nikaingia, nikawasha.

Kra-kra-kra-kra. Sekunde nne, tano hivi, kisha oili ikapanda, cheni ikakazika, injini ikatulia kama hakuna kilichotokea. Ugonjwa huo naujua. Cheni imelegea, inapiga kifuniko chake kabla oili haijaifikia. Siku ikiruka meno, vali na pistoni zinagongana, na injini ndiyo imekwenda na maji.

Nilipogeuka nimwambie mama, nilimkuta amefumba macho, anatabasamu.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Miaka kumi na tisa. Marehemu alikuwa analiwasha saa kumi na mbili asubuhi, mimi niko jikoni. Nikisikia tu, najua anataka kunitoroka. Napiga kelele, 'Hujanywa chai wewe!' Naye anajibu, 'Nakuja!' Wala haji. Mpaka nimfuate na kikombe huku nimevaa kandambili mguu mmoja." Akacheka. "Siku hizi naliwasha mwenyewe Jumamosi, betri isife. Lakini ukishika ufunguo mwenyewe, unaisikia tofauti."

Shemeji akaninong'oneza, "Mwambie ni bovu, ashushe bei."

Nilimkata jicho. Hata hivyo kusema ilibidi, kwa kuwa gari hilo angelipanda dada yangu na watoto. Nikamweleza mama polepole, cheni ni nini na itafanya nini. Alinisikiliza mkono wake ukiwa juu ya boneti.

"Kumbe siku zote hizo lilikuwa linaumwa?"

"Linaumwa, mama. Likipata cheni mpya litapona."

"Na litalia?"

"Halitalia tena."

Moyo uliniuma, sifichi. Nimefungua injini nyingi maishani, lakini siku ile nilijiona nimeharibu kitu.

"Basi washa tena," akasema, akaanza kwenda jikoni. "Mara moja tu, nikiwa ndani."

"Sauti haitoki, mama. Likishapata moto ndiyo basi. Mpaka lilale lipoe. Kesho asubuhi."

Alisimama kidogo mlangoni. Kisha akamwambia shemeji, bila kumtazama, "Wewe punguza unachotaka kupunguza. Lakini kesho saa kumi na mbili mje, fundi aliwashe."

Shemeji alifungua mdomo aseme habari za shule. Nikamkanyaga mguu.

Kesho yake tulifika kabla ya saa. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka, na dirishani niliona masufuria yote yameshafungwa, limebaki birika. Shemeji, ambaye tangu jana hakutaja bei tena, alisimama getini. Mimi nikakaa kwenye kiti kilichobonyea kwa umbo la mtu mwingine. Nikazungusha ufunguo.

Kra-kra-kra-kra.

Sauti ikakata, injini ikatulia. Jikoni kimya. Nikadhani haikutosha, au ameghairi, au analia. Kisha ikatoka sauti, wala si ya yule mama wa jana, bali ya mwanamke kijana mwenye haraka zake:

"Hujanywa chai wewe!"

Shemeji aligeukia ukuta, akawa anatafuta mfukoni kitu ambacho hakikuwamo.

"Nakuja!" nikaitika.

Nikazima injini, nikashuka, nikaenda. Nilimkuta ameshafika mlangoni na kikombe mkononi, kandambili mguu mmoja. Alipoona nimekuja kweli, machozi yakamtoka.

"Yeye hakuwahi kuja," akasema. Akanivutia boksi moja nikalie. "Kaa, mwanangu. Kunywa ingali moto."