Sauti Mbili, Kadi Moja

Mnukuzi alikuwa haoni tangu utotoni, na kazi yake ilikuwa kusikiliza. Ofisi ilimtumia rekodi za mashauri ya kazi, waajiri na wafanyakazi wakibishana mbele ya msuluhishi, naye akaziandika neno kwa neno, vikohozi vikiwemo. Alifanyia kazi nyumbani, kwenye kompyuta ya mezani, katika chumba walichogawana yeye na cherehani ya dada yake. Sikio la kushoto lilipokea rekodi. La kulia lilipokea sauti ya programu iliyomsomea kilichoandikwa kwenye skrini. Mguu ulikaa kwenye pedali ya kusimamisha na kurudisha nyuma.

Tatizo lilikuwa pale sauti hizo mbili zilipokutana. Kila mara programu ya kusoma ilipoanza kusema, rekodi ilikwama kidogo, ikameza maneno mawili matatu, kisha ikaendelea kana kwamba haijafanya kitu. Kurudia hakukusaidia, maana kukwama nako kulirudia. Mahali kama hapo aliandika alama ya kawaida ya kazi hiyo, neno "haisikiki" ndani ya mabano. Shauri la mwisho lilijaa alama hizo. Mhariri wake, ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Nukta kwa sababu hakuna nukta iliyowahi kumpita, alizisikiliza sehemu zote kwenye mashine yake na akazisikia vizuri. Alimpigia simu. Hakugomba. Alisema rekodi inayofuata, ya dereva wa foklifti ya kupakia mizigo aliyefukuzwa kazi, anaitaka kesho kabla ofisi haijafungwa. Ikija na "haisikiki" pasipostahili, mashauri atapewa mtu mwingine, naye atabaki na matangazo. Mashauri ndiyo yaliyokuwa kazi. Matangazo yalikuwa makombo.

Mnukuzi hakuona sababu ya kuhuzunika. Sikio lake lilikuwa zima na rekodi ilikuwa nzima. Kasoro ilikuwa katikati, na cha katikati kinabadilishika.

Ndani ya kompyuta kuna mfumo unaokaa baina ya programu zote na kadi ya sauti. Hupokea sauti kutoka huku na huku, huzichanganya, huzipeleka kwenye spika. Watu wengi hawajui kuwa upo, kama wasivyojua bomba la maji limepita wapi ukutani. Ule wa mashine yake ulikuwa wa zamani na mwoga. Uliweka akiba kubwa ya sauti kabla ya kuitoa, na sauti ya pili ilipoingia, ulianza kuipanga akiba upya. Hapo ndipo maneno yalipopotelea.

Mbadala ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ulipendwa na wanamuziki wa studio. Ulikuwa mwepesi kupita kiasi, ila ulitaka kila sauti iunganishwe kwa mkono kama waya, na programu isiyoufahamu uliipuuza. Programu yake ya kusoma haikuufahamu. Wa pili ulikuwa mpya zaidi. Wepesi wake ulikaribia ule wa wanamuziki, na ulizipokea programu za kawaida bila kuzihoji. Alisoma malalamiko ya waliousakinisha, akaziacha sifa, kwa sababu sifa hufanana. Malalamiko yalikuwa machache na yenye maelezo. Akauchagua huo.

Asubuhi alifanya kosa ambalo mtu wa fujo asingelifanya. Alikuwa na kanuni: kazi moja, chombo kimoja. Upande wake wa chumba hakuna aliyewahi kukuta mikasi miwili. Kwa hiyo, baada ya kuusakinisha mfumo mpya na kabla ya kuujaribu, aliufuta ule wa zamani, kisha akaiwasha mashine upya. Kwenye ukurasa wa kuingilia, sauti ilimwomba nenosiri kama kawaida. Akaliandika. Baada ya hapo, kimya.

Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa kompyuta isiyo na muziki. Kwake ilikuwa kompyuta isiyo na skrini. Alichomoa hedifoni, akageuzia sauti kwenye spika ndogo ya mezani. Kimya kilekile.

"Dada," alisema, "naomba macho yako."

Dada yake alikuwa akikunja pindo za sare za shule. "Yale mazuri au yale ya kazi?"

"Ya kazi."

Alikuja na utepe wa kupimia shingoni. Mnukuzi aliandika amri ya kuuanzisha mfumo mpya, akamwomba asome majibu. Sasa, dada huyu ndiye aliyekuwa mpasha habari mkuu wa mtaa, na skrini aliisoma kama alivyosimulia ugomvi wa majirani, akianza na mwisho na kukadiria sababu.

"Imekataa," alisema.

"Imekataa nini?"

"Imekataa tu, Profesa. Tena kwa wekundu."

Aliandika amri tena. Safari hii dada yake alimwarifu kuwa mistari ni mingi, ila mingi haina maana, na ile yenye maana inasema vilevile.

Mnukuzi aliondoa mikono kwenye kibodi. Alijua jambo moja kwa hakika: kwenye ukurasa wa kuingilia sauti ilisikika. Basi kadi, waya na spika vilikuwa salama. Kilichoharibika kiliharibikia baina ya mlango na chumba, na maelezo yake huenda yalikuwa mbele ya uso wake, yakirukwa na mtu pekee aliyeweza kuyaona.

"Dada, hapa unanukuu, husimulii. Soma kama ninavyoandika mimi. Kila mstari, hata usioupenda."

"Hata namba?"

"Hata namba. Hata nukta."

"Haya, nishakuwa Bi Nukta." Lakini alivuta kigoda cha cherehani, akaanza juu kabisa, kidole kikifuata mstari, na maneno asiyoyajua akayataja herufi moja moja. Mistari myekundu ilisema kile walichokwisha kujua, kwamba mfumo mpya umeshindwa kuanza. Chini yake kulikuwa na mstari mweupe wa kawaida. Muda wote huo dada yake alikuwa akiuruka kwa sababu haukuwa mwekundu. Ulisema kadi ya sauti inatumika, ukataja jina la programu iliyoishika, na namba yake.

Mnukuzi alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Ilikuwa programu ya ukurasa wa kuingilia.

"Ndiyo nani huyo?" aliuliza dada yake.

"Bawabu. Amenifungulia mlango akabaki na funguo."

Aliandika amri ya kumwondoa bawabu, dada yake akaihakiki namba tarakimu kwa tarakimu. Kisha akauanzisha mfumo mpya.

"Dirisha la amri," ilisema kompyuta.

"Mwenzako huyo amerudi," alisema dada yake akirudi kwenye sare zake. "Sasa msinichoshe wote wawili."

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya utaratibu. Aliandika agizo la kudumu kwamba bawabu aachie kadi kila mtu anapoingia, akaizima mashine na kuiwasha ili apate uthibitisho. Sauti mlangoni, sauti ndani. Halafu akaipunguza akiba nusu, na nusu tena, mpaka sauti ikaanza kukwaruza kama karatasi, akarudi hatua moja. Alifungua lile shauri la mwisho, akaiacha programu ya kusoma iseme juu yake. Pale alipokuwa ameandika "haisikiki" mara ya kwanza, mtu alisema wazi kabisa: "likizo yangu ya uzazi." Akavaa hedifoni, akamfungua dereva wa foklifti.

Kazi ilikwenda moja kwa moja hadi karibu na mwisho. Msuluhishi alimuuliza mtunza ghala kama alimwona dereva akifunga ghala kwa mkono wake. Mtunza ghala alipojibu, mtu aliburuta kiti. Mnukuzi alirudisha nyuma. Aliongeza sauti, akapunguza kasi, akaizima kabisa programu ya kusoma. Kiti.

Dada yake aliuliza kwa nini amesimama, akaelezwa.

"Maswali mengine huyo mtu amejibuje?"

"Ndiyo. Yote."

"Basi andika 'ndiyo', upeleke. Kazi yako hiyo unaichezea."

Mnukuzi alikubali kwamba inaelekea ilikuwa ndiyo. Kisha akaandika "haisikiki", na pembeni: kiti kinaburutwa. Akatuma.

Simu ililia kabla ofisi haijafungwa.

"Kuna 'haisikiki' moja," alisema Bi Nukta.

"Moja, ndiyo."

"Nilikwambia nini?"

"Pasipostahili. Hapo panastahili."

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Kwenye simu mnukuzi alisikia mashine ya mhariri ikicheza lile swali, kisha mburuto. Ikarudia. Ikarudia tena, kwa sauti kubwa.

"Ni kiti," alisema Bi Nukta. Karatasi zilisogezwa. "Nitamwandikia msuluhishi ili mtunza ghala aitwe tena ajibu. Rekodi ya siku ya pili nakutumia sasa hivi. Mashine umeifanya nini?"

"Nimebadilisha mfumo wa sauti."

"Vizuri. Na ukurasa wa nne umesahau nukta."

Aliirekebisha, akavaa hedifoni. Upande wa pili wa chumba cherehani ilianza kwenda. Aliisikia hiyo, na rekodi, na programu ya kusoma, zote kwa wakati mmoja, na hakuna iliyomeza neno la mwenzake.