Mkanda wa Baba

Baba yangu anaweza kumchosha hata malaika. Gonjwa lilipoingia mjini na wodi zikafurika, wagonjwa wa moyo tuliwarudisha nyumbani na mkanda wa kifuani, unaorusha mapigo yao hadi kwenye skrini zetu hospitalini. Mimi ni muuguzi wa skrini hizo. Wagonjwa wote walivaa wakatulia, isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyenizaa.

Mara kwa mara mstari wake ulilala chali, king'ora kikalia, na moyo uliosimama ukawa wangu mimi. Nikipiga simu, yuko bafuni, au ameutundika mkanda kwenye msumari pamoja na koti.

"Unaniwasha," anasema. "Mmenifunga kama mzigo."

"Baba, bora ukuwashe kuliko tukuzike."

"Shikamoo, bibi muuguzi."

Nilichemka. Nikawa napiga asubuhi, mchana na jioni, kufoka tu. Wenzangu waliniambia sikio la kufa halisikii dawa, niachane naye. Ningeachaje? Gonjwa lile lilipenda mioyo mibovu, na wa Baba ulikuwa mbovu miaka mingi.

Kisha akanyooka. Mkanda haukuvuliwa tena, mstari ukatulia, mapigo yakawa mazuri kuliko ya baadhi yetu pale kazini. Nikajipongeza kwamba ukali umesaidia.

Asubuhi moja mapigo yakaanza kukimbia, yakajikwaa, yakakimbia tena. Haya hayakuwa mambo ya bafuni. Nikaagiza gari la wagonjwa liende nyumbani, nikapiga simu. Akapokea Baba mwenyewe, anatafuna.

"Kaa chini, usitembee. Gari linakuja kukuchukua."

"Linipeleke wapi? Mimi mzima, nakunywa chai."

"Baba, leo usinibishie. Moyo wako nauona hapa."

Nikasikia akiweka kikombe mezani.

"Mkanda anao mama yako," akasema. "Wewe ulikuwa unatupigia kelele mno. Akaona bora auvae yeye, na wewe ufanye kazi yako kwa amani."

"Mama yuko wapi?"

"Amelala. Ana homa kidogo tangu juzi. Alisema tusikusumbue."

Mama, ambaye hatukuwahi kumpima hata presha, kwa sababu sote tulikuwa tunamhangaikia Baba. Nilikuwa na hasira za kubomoa ukuta na sikujua nimfokee nani. Kwenye skrini, chini ya jina la Baba, moyo wa Mama ulijikwaa, ukainuka, ukajikwaa tena.

"Nenda kakae naye," nikamwambia. "Simu usikate."

Nikasikia gari likifika, kisha mlango, kisha viatu vizito chumbani. Mtu akasema mkanda utolewe kwanza, wapate kumnyanyua vizuri.

"Msiuvue," akasema Baba, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Binti yetu anamwangalia."