Picha ya Joto

Tata yangu, baba mzazi, Stanislas Tshimanga, alifanya kazi mgodini miaka mingi, na kifua chake kilibaki hukohuko. Mchana, chini ya manjanja, mabati ya paa letu hapa mtaani Manika, anahema kwa shida. Kwa hiyo niliposikia mradi mmoja unatoa plafond, dari za ndani, za bure kwa avenue zenye joto kali, mi nilicheka peke yangu sokoni. Plafond ingemwacha apumue.

Avenue zingechaguliwa na satelite. Jémima Mushiya, ingénieur wa mradi, alitueleza kanisani: "Satelite itapita Jumatatu asubuyi. Itapima joto ya manyumba toka kule yulu, itatuma picha."

Picha! Tata alishika neno hilo tu.

"Batupige picha na mavumbi yote ile ya migodi?" akasema. "Sisi hatuko bachafu."

Mi nilikuwa nimeenda Kasaji kununua mihogo. Jumapili, baada ya misa, Tata akakusanya majirani: ndoo, sabuni, mafagio, watu juu ya mapaa. Niliporudi, avenue nzima ilikuwa inameta mpaka macho yaliuma.

Picha ilipotoka, nyumba za avenue ya pili zilikuwa nyekundu, yaani joto kali. Sisi bluu, eti tuna baridi, hatuhitaji plafond. Jémima alikuja mwenyewe kutueleza: manjanja yaliyosuguliwa hayarushi joto lake vizuri juu, hivyo satelite inadanganyika, huku nyumba inachemka. Vumbi lile lingetusaidia. Niliwaka. Nani mwingine duniani anaoga kwa ajili ya satelite?

"Naweza kupima ndani kwa mukono, mradi itakubali," Jémima akasema. "Tata, mu nyumba muko joto?"

Tata akanyoosha tai yake. "Hapana, mama. Tuko muzuri."

Ndivyo alivyo. Hata malaria ikimtetemesha, yuko muzuri. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Tata," nikasema, "kama hausemi, mi nitasema. Kila mchana unalala chini, pa simenti, unatafuta baridi."

Tata akalegeza tai.

"Mwanangu," akamwambia Jémima polepole, "ninaungua mule. Ninaogopa nitafia mule."

Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akisema anaogopa. Hasira ikaniisha, machozi yakanijia. Jémima akavua viatu mlangoni, akatoa kipimajoto chake. Tata akatangulia ndani kumwonyesha mahali anapolala.