Hodi Kutoka Ndani

Gari lilipokata kona ya nyumba namba tisa, Funguo alikuwa jikoni humo ameshika birika la moto, na moyo ukamlipuka paa!

Walimwita Funguo kwa sababu mtungo wa funguo kumi kiunoni mwake ulimtangulia kufika kokote. Alisafisha nyumba kumi za mapumziko huko mlimani, ambazo wenyewe walizijia mara mbili tu kwa mwaka. Chumba alichopanga na mama yake, mwenye nacho alikigeuza cha watalii. Kingine cha kuwezana na mshahara wake kilikuwa bondeni, mwendo wa saa tatu. Ndiyo maana kwa wiki sita walikuwa wakilala stoo ya namba tisa, kwa siri. Kampuni iliyomwajiri ikijua, kazi na makazi vinakwenda siku moja.

"Mama, ingia stoo! Kimya, nakuomba."

"Nimesafisha vyumba vya hoteli miaka thelathini, mwanangu. Utanifundisha kunyamaza?"

Mwenye nyumba aliingia akisugua viganja kwa baridi. Akagusa birika. "Dada, umejuaje nakuja?"

"Kazi ni kazi, bosi." Funguo alimmiminia chai.

Bosi alikagua jikoni, akapanda juu, akashuka, akakaa kunywa chai bila neno. Kimya kile ndicho kilichowaponza. Mama alidhani mgeni keshaondoka, akafanya alichozoea kufanya miaka thelathini kabla ya kufungua mlango wowote. Aligonga mara tatu, kutoka ndani ya stoo.

"Hodi! Huduma ya usafi!"

Chai ilimwagika.

"Nani huyo?"

Funguo aliweka birika chini. "Mama yangu, bosi."

Bosi alivuta mlango wa stoo. Godoro moja, viatu jozi mbili, sufuria kwenye rafu ya sabuni, na bibi amesimama wima kama anakaguliwa.

"Shikamoo," lilimtoka bosi kabla hajajizuia.

"Marahaba, mwanangu."

Bosi aliangalia pembeni. "Kampuni sitaiambia. Lakini nipe ufunguo wangu, na muondoke sasa hivi."

Nje ukungu ulikuwa unashuka na baridi inang'ata masikio. Funguo alijitwika godoro.

"Wenye namba nne hawaji mpaka mwisho wa mwaka," mama alinong'ona.

"Na wa namba tisa ulisema hivyo hivyo!"

"Basi tulale wapi, barazani kwa mawingu?"

Mlangoni kwa namba nne Funguo, godoro kichwani, alikosa tundu la ufunguo mara mbili. Mama akanyoosha mkono, akagonga mara tatu.

"Hodi! Huduma ya usafi!"

Safari hii Funguo hakumkanya. Walibana pumzi, wakasikiliza. Ndani, ubao ukalia: kwaa.

"Ni baridi tu inakunja mbao," mama alisema, lakini naye hakusogea.